Uliza Nahodha: Trauti wa Mlimani kwa Mtu wa Pwani

Toleo lililopita niligusia mstari mmoja tu, kwamba kuna watu wa Malindi hii hii wanaopanda bara kuvua trauti, samaki wa mito ya mlimani, kwa chambo cha manyoya. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya nguru na jodari. Basi safari hii bahari ipumzike. Kusi yenyewe imekaza, maboti ya wageni yamefungwa, na mimi nina nafasi ya kukaa barazani na kalamu.

Shikamoo Nahodha. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Barani hapa Malindi. Mwezi ujao nahamia shule moja ya Nyeri. Mshipi wa mkono na chubwi nimekua navyo. Changu na chewa nawavua mwambani tangu utotoni. Nasikia huko mitoni kuna trauti, nao huvuliwa kwa ufito mwembamba na nzi wa bandia. Nianzie wapi, na ninunue nini? Mshahara wa mwalimu unaujua.
*Mwalimu wa Barani*

Marahaba, mwalimu wangu. Hongera kwa uhamisho, japo najua mama yako hakuupigia vigelegele.

Chubwi iache hapa hapa Barani. Katika uvuvi wetu kinachosafiri ni risasi, uzi hufuata nyuma. Kwa trauti kinachotupwa ni mshipi wenyewe. Chambo ni manyoya machache yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo, hakina uzito hata wa kuvuka meza ukikirusha. Kwa hiyo mshipi ndio umetengenezwa mnene, ukapakwa plastiki, ukapewa uzito. Mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi. Uzito huo ndio unaoukunja ufito, na ufito ukijikunjua ndio unaoupeleka mshipi mbele. Ukilishika hili, nusu ya pesa zako zimepona, maana utajua kipi ni cha lazima na kipi ni mapambo.

Cha lazima ni mshipi mzuri. Ufito unafuata. Rili haina kazi kubwa kwa trauti wa vijito. Kazi yake ni kushika mshipi usizagae miguuni, basi nunua ya bei ndogo kuliko zote. Muuzaji atataka uanze upande huo wa rili, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Mchagua jembe si mkulima, lakini mchagua rili ni mteja mzuri sana.

Kila ufito umeandikwa namba karibu na mpini, ndogo kwa fito nyembamba na kubwa kwa zile za baharini. Namba ya ufito na ya mshipi sharti zilingane. Zikipishana sana, ufito ama hulegea wote mpaka mkononi ama haukunjiki kabisa, na hapo mtu huanza kudhani mkono wake ndio mbovu. Duniani kote anayeanza huambiwa anunue futi 9, namba 5, na kwa bwawa au ziwa ni shauri jema. Lakini wewe unakwenda kwenye vijito vya msitu, matawi juu na vichaka nyuma. Ningekuwa mimi ningetafuta futi 7 na nusu au 8, namba 4, na mshipi wa kuelea wa namba hiyo hiyo. Ufito uliotumika hauna aibu. Tazama tu maungio yake yasiwe na ufa na vipete vya kupitishia mshipi visiwe vimeliwa.

Mbele ya mshipi mnene hufungwa uzi mwembamba usioonekana, mnene mwanzoni na mwembamba kwenye ncha. Kwenye paketi utakuta 4X au 5X. Namba ikipanda, uzi unapungua: 5X ni unene wa milimita 0.15 tu. Huo ndio wako. Ongeza miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao wa maji, kofia ya ukingo na kikatio cha kucha cha kukatia nyuzi. Chambo vyangu mimi hubeba kwenye mkebe wa peremende.

Sasa mtoni. Hapa una hazina ambayo wengi wanaoanza hawana: macho ya kuangalia maji. Umekua ukitazama mkondo unavyogonga mwamba na kugeuka. Trauti hukaa mahali maji ya kasi yanapopakana na ya polepole: nyuma ya jiwe, mbele ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbika. Anataka kupumzika huku chakula kikipita karibu na mdomo wake. Angalia povu; linakopita povu ndiko kinakopita chakula. Na kwa kuwa daima anaelekeza kichwa kule maji yanakotoka, wewe mwendee kutoka chini, kwa nyuma, ukiwa umeinama. Kivuli chako kikitangulia kumfikia, umeshamaliza kazi ya siku hiyo.

Tupa mita moja au mbili juu ya pale unapodhani yupo, chambo kishuke kwa mwendo ule ule wa povu. Kikikimbia kuliko povu, au kikikokotwa kando kwa sababu mshipi umenaswa na mkondo wa kati, hakuna trauti mwenye akili atakayekigusa. Vuta ule mlegeo wa mshipi kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto kadiri maji yanavyokurudishia.

Na kuna tabia ya pwani utakayolazimika kuivua kama viatu mlangoni. Sisi chewa akigusa tunashtua kwa mkono mzima, maana tusipomng'oa mwambani ataingia shimoni. Mshtue trauti hivyo kwenye uzi wa 5X, utabaki na ufito na hadithi. Inua tu ncha ya ufito mpaka mshipi ukaze. Samaki mwenyewe usitarajie wa mizani ya soko. Katika mito hii wengi ni wadogo, na wa nusu kilo ni wa kujivunia.

Mito iko mingi karibu nawe. Kutoka milima ya Nyandarua, ambayo ramani huiita Aberdare, kuna Gura, Chania na Mathioya. Kutoka Mlima Kenya kuna Sagana, Thiba, Naro Moru na Burguret. Maziwa ya Rutundu na Alice yako juu kabisa mlimani. Hayo yaweke akiba mpaka mapafu yako yazoee. Kiganjo, nje kidogo ya Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya trauti. Nenda siku ya kwanza isiyo na masomo, jitambulishe, uliza. Leseni ya kuvua hutolewa na idara ya uvuvi, na mto ukiwa ndani ya hifadhi ya taifa utalipia pia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori. Minyoo usiende nayo: mito ya trauti ni ya chambo cha manyoya.

Ukihamia wakati wa masika, Machi hadi Mei, mito itakuwa imejaa tope. Tumia muda huo kujifunza kutupa. Januari na Februari ndiyo miezi yangu. Julai na Agosti maji ni safi, ila baridi ya Nyeri itakueleza kwa nini wenyeji hawavui makoti.

Nahodha, mimi ni mvuvi wa Kipini. Wazee wanasema maji ya Tana yanatoka huko huko kwenye theluji ya Mlima Kenya. Kama trauti wamejaa huko juu, mbona sijapata hata mmoja kwenye nyavu zangu?
*Mvuvi wa Mdomoni*

Swali hili nimelipenda kuliko yote, na wazee wako wamesema kweli. Gura inaingia Sagana, Sagana inakuwa Tana, Tana inapita mabwawa ya umeme ya Masinga na wenzake, inashuka Garissa, Garsen, halafu inakumwagikia wewe mlangoni. Maji aliyokunywa trauti wa Nyandarua yakichelewa sana njiani mwishowe yatafika ghuba ya Ungwana.

Lakini yatafika peke yake. Trauti ni samaki wa baridi. Hustawi maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakipita 20 anaanza kuhema, maana maji ya moto hayashiki hewa nyingi ya oksijeni na yeye anaitaka nyingi. Yakifika 25 na kupanda, ni mauti. Tana ya chini ni moto mchana na usiku. Tena kuna udongo. Trauti hutaga kwenye changarawe safi, jike akichimba kwa mkia na kufukia mayai, na maji lazima yapite katikati ya mawe hayo yakiyapelekea hewa. Tope la Tana lingeyafunika yote kwa mvua moja. Kwa hiyo hata huko juu hashuki sana. Ukitoka msituni na kuingia kwenye mashamba, mto ukipata joto na udongo, trauti wanakwisha. Msitu ukikatwa kivuli huondoka, na samaki huondoka nacho.

Zaidi ya hayo, huyu si mwenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi Mwingereza aliyepata jina kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti wa kahawia wa Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura. (Hospitali ya watoto ya Gertrude's kule Nairobi imebeba jina la mkewe.) Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye, asili yake ni Amerika, upande wa bahari ya Pasifiki. Ukimpata huyu wa pili utamjua kwa mstari wa waridi ubavuni na madoa meusi mpaka kwenye mkia. Wa kahawia ana madoa mekundu yaliyozungukwa na pete hafifu, na mkia wake karibu hauna doa.

Wewe baki na kambare wako na kamba wa Ungwana, ndugu yangu. Watu wa Nyeri wangekuonea wivu.

Mzee Nahodha, niliazima ufito wa namba 6 kwa jamaa yangu anayefanya kazi hotelini. Nafanya mazoezi ufukweni jioni nikitoka kazini. Kila nikitupa mshipi wanizunguka shingoni, na ukienda mbele wapiga "pa!" na chambo chapotea. Juzi ndoana imenasa sikioni. Tatizo ni nini?
*Kijana wa Maweni*

Pole ya sikio, mwanangu. Hiyo "pa!" ndiyo inayonieleza yote.

Unapotupa mshipi nyuma, unatoka kama kitanzi kinachojifungua. Lazima ufunguke wote, ulale hewani umenyooka nyuma yako, ndipo uulete mbele. Wewe unauleta mbele kitanzi kikiwa bado nusu. Ncha inageuka ghafla kwa kasi kubwa, inapasua hewa, na chambo kinakatika. Dawa yake ni kusubiri, tena kusubiri kwa macho. Hakuna sheria inayokukataza kugeuza shingo kutazama nyuma. Mshipi ukiwa mfupi subira ni ndogo, ukiwa mrefu ni ndefu; ukitazama huhitaji kuhesabu.

Fanya hivi. Kata ndoana, funga kipande cha uzi mwekundu wa sufi badala yake. Nyoosha mshipi mbele yako mita 7 au 8, si zaidi. Kiwiko kiwe karibu na mbavu, kidole gumba juu ya mpini. Ncha ya ufito ianze chini, karibu na ardhi. Inua polepole mpaka mshipi wote uwe umeondoka chini na ule uzi mwekundu umeanza kutambaa kukufuata. Hapo ndipo uongeze kasi, mara moja, na usimame kabisa mkono ukifika karibu na sikio. Nimesema usimame. Wengi huendelea, kiganja kinajikunja, ufito unalala nyuma hadi chini, na mshipi nao unafuata ncha kwenda kwenye majani. Mshipi huenda kule ncha ya ufito ilikosimama. Ikisimama juu, mshipi unaruka juu. Kiganja kikikushinda, ingiza kitako cha ufito ndani ya mkono wa shati uliofungwa kifungo. Kikitaka kujikunja, shati litakizuia.

Tazama nyuma. Mshipi umenyooka? Njoo mbele, kwa mwendo ule ule: polepole, kasi, simama. Ncha ishushe baada ya mshipi kujifungua.

Halafu badilisha saa na mahali. Jioni upepo watoka baharini na kukusukumia mshipi mwilini. Nenda alfajiri baada ya swala, kabla haujaamka, na hata hapo simama upepo ukikupiga bega la kushoto, ikiwa watupa kwa mkono wa kulia, ili upeperushe mshipi mbali na kichwa. Ufukweni usiende tena: mchanga wetu una vipande vya matumbawe, na vitakwangua plastiki ya mshipi wa watu. Uwanja wa mpira wenye majani unatosha. Dakika chache kila siku zina faida kuliko Jumamosi nzima, kwa sababu mkono ukichoka hujifundisha ubaya.

Kuna mtupo mmoja hutaujifunza uwanjani: ule wa kuviringisha, ambao mshipi hauendi nyuma kabisa. Unaukokota juu ya maji kuja kwako mpaka utengeneze tumbo kando ya bega lako, unatua kidogo, kisha unapiga mbele nao unajiviringisha juu ya maji kwenda. Unahitaji maji yaushike mshipi. Nenda hori ya Mida maji yakiwa yamejaa na kutulia. Mtoni Gura, penye mianzi nyuma yako, huu utautumia kuliko ule wa kwanza.

Kuhusu sikio: kabla ya kufunga chambo chochote, bana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke. Samaki utampoteza mmoja mmoja, sikio litabaki. Na miwani vaa hata mazoezini.

Bwana Nahodha, mimi ni fundi cherehani wa Lamu, mtaa wa Langoni. Kaka yangu ameanza uvuvi huu na kila mara aagiza vile vidudu vya manyoya kutoka nje kwa pesa nyingi. Nimevitazama, naona ni kazi ya mikono. Je, naweza kumtengenezea? Na kwa nini samaki adanganyike na manyoya?
*Bi. Cherehani*

Dada yangu, wewe vidole vyako vimeshafuzu, kaka yako hajui bahati aliyonayo nyumbani.

Samaki anadanganyika kwa sababu hana mikono. Mkondo unampitishia vitu mfululizo, mbegu, majani, wadudu, na ana nukta moja ya kuamua. Chenye umbo na mwendo wa chakula hukionja kwa mdomo. Kama si chakula hukitema mara moja. Mvuvi anafanya kazi ndani ya nukta hiyo. Ndiyo maana chambo hakihitaji kufanana na mdudu sawasawa. Kinahitaji ukubwa wake, rangi yake kwa jumla, na mtikisiko kidogo.

Wengi hupenda vile vya kuelea, kwa sababu samaki huja juu na kumwona ni furaha. Lakini trauti sehemu kubwa ya chakula chake hukipata chini, mabuu ya wadudu wanaoishi kwenye mawe kabla hawajaota mbawa. Mtengenezee kaka yako mabuu.

Kuna kimoja kilibuniwa na Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, na uzuri wake ni kwamba hakina uzi hata mmoja: ni manyoya ya mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba, basi. Yeye alitumia ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu wa hudhurungi. Mimi natumia mkia wa jogoo mwekundu. Waya hutoka kwenye koili ya feni iliyoungua. Fundi yeyote wa Langoni atakupa ya kutosha ndugu zako wote.

Ishike ndoana ya namba 14 kwa kibano kidogo. Kumbuka namba ya ndoana ikipanda ndoana inapungua. Zungushia waya kutoka nyuma ya jicho la ndoana kwenda kwenye kunjo, kisha rudi na urundike mizunguko zaidi kwenye theluthi ya mbele, mpaka pawe na kinundu. Hicho ndicho kifua cha mdudu, na ndicho kitakachomzamisha. Peleka waya nyuma. Chukua nyuzi nne za unyoya zikiwa sambamba, zifunge kwa waya ili ncha zake zichomoze nyuma milimita chache, ziwe mkia. Sokota zile nyuzi pamoja na waya, kwa mkono mmoja tu, na uzizungushe kwenda mbele hadi kwenye jicho. Hapo zitenganishe na waya. Nyuzi zilaze juu ya kinundu kwenda nyuma, zikamate kwa mzunguko mmoja wa waya, zirudishe mbele, zikamate tena, nyuma tena. Mizunguko mitatu ya mwisho, kata. Kiwiliwili chote kiwe kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Kikiwa kizuri sana kwa macho yako, huenda umeweka manyoya mengi mno.

Kwa vile vya kuelea utahitaji manyoya ya shingo ya jogoo, yale magumu yanayong'aa. Yanazungushwa nyuma ya jicho la ndoana yasimame pande zote, ndiyo yanayokiweka juu ya maji. Mke wangu ana jogoo ambaye sasa akiniona nimevaa miwani ya kusomea hupanda ukutani.

Nahodha, mgeni mmoja aliniachia ufito wa namba 9, futi 9, na rili yake kubwa. Nafanya kazi boti za Watamu. Naweza kwenda nao Nyeri kuvua trauti?
*Baharia wa Watamu*

Usiende nao. Trauti wa kijitoni hutamhisi kabisa, na mshipi wa namba 9 ukianguka kwenye kidimbwi kidogo huwafukuza wote.

Lakini umepewa mali. Huo ni ufito wa kolekole na pandu, na mzia pia ukiongeza kipande cha waya mbele. Asubuhi za kaskazi, maji yakianza kujaa, ukingoni mwa miamba, utakufundisha mengi kuliko Nyeri. Usiutumie ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu. Zimehifadhiwa tangu 1968 na humo havuliwi samaki. Ukirudi nyumbani osha ufito, rili na mshipi kwa maji ya kisima yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo. Suli suli usimjaribu kwa huo. Wanaomvua kwa manyoya hutumia namba 12, na kwanza humwita nyuma ya boti kwa chambo kisicho na ndoana.

Shikamoo mzee. Mume wangu na rafiki zake wamepanga kwenda kuvua ndani ya msitu wa Aberdare. Nimesikia kuna ndovu. Mimi ni wa Ngala, baridi yenyewe siijui. Nimfungie nini, na nimruhusu?
*Mama wa Ngala*

Marahaba mama. Ndovu wapo, na nyati wapo, na nyati ndiye ninayemwogopa zaidi kwa sababu hulala vichakani kando ya mto, mahali hasa anapopenda kupita mvuvi. Maji yanavuma, huwezi kumsikia naye hakusikii. Wasiingie bila askari wa KWS au mwenyeji anayeujua mto, na saa kumi jioni wawe wamegeuza. Akikataa sharti hilo, usimruhusu.

Jambo la pili wengi hawalisemi. Mvua ikinyesha juu mlimani, mto huweza kupanda huku chini jua likiwaka. Maji yakibadilika rangi, au majani makavu na vijiti vikianza kushuka vingi, atoke mtoni papo hapo, upande ule alikoacha gari.

Nguo: sweta la sufi, koti la mvua, suruali ndefu ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Jinzi ikilowa haikauki mpaka arudi Malindi. Wengi huingia majini na viatu vya kamba na soksi nene bila kuvaa yale mavazi ya mpira, na inawezekana, ila asikae muda mrefu; miguu ikifa ganzi mtu huanguka juu ya mawe. Suruali ya pili kavu ibaki garini, na chupa ya chai ya tangawizi. Siku ya kwanza wapumzike mjini: kutoka usawa wa bahari hadi huko juu mtu hupumua kwa shida na kichwa huuma.

Je, trauti ana magamba? Na apikwe vipi, kwa nazi?
*Mpishi wa Shela, Lamu*

Anayo, bibi yangu, madogo sana. Huna haja ya kuyapara, sugua tu kwa chumvi na suuza. Nyama yake huwa nyeupe au ya waridi kutegemea alichokula. Nazi mimi naona inamfunika, hana mafuta na nguvu ya nguru wa kupaka. Mpasue, toa matumbo na ile damu nyeusi iliyolala kwenye uti wa mgongo, ichokoe kwa ukucha, maana ikibaki inatia uchungu. Chumvi, ndimu, pilipili manga, mafuta kidogo kwenye kikaango cha moto, dakika tatu au nne kila upande kwa samaki wa sahani moja. Kama wavuvi wamekusudia kuwarudisha wengine mtoni, waloweshe mikono kabla ya kumshika na wasimtoe majini kwa ajili ya picha ndefu. Mkono mkavu humtoa ule utelezi unaomkinga na maradhi. Mfupa wa trauti ni mwembamba kama wa dagaa, basi ukimpa mtoto mchambulie kwanza.